Domo la bata

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimerudishwa nyumbani. Bado jamani, nipo, ingawa juzi kati hapa ilibaki kidogo. Leo nawasimulia kisa cha domo la bata. Ni kirefu, kwa hiyo mwenye chai avute kikombe kabisa.

Kwa wasiojua, domo la bata ni saksafoni. Ndivyo wazee wa muziki wa dansi wanavyoiita. Ukiitazama utaona hawakukosea, ina shingo iliyopinda na mdomo mpana, na ikipulizwa na asiyejua inalia kama bata aliyekanyagwa mguu.

Basi bwana, Jumatano jioni simu ikaita, mjomba. Mjomba wangu anakaa Gerezani, kwenye nyumba moja ya zamani ya vyumba sita iliyobaki katikati ya maghorofa, yeye chumba chake kiko uani. Ana miaka 70. Hapigi simu hovyo, akipiga ujue kuna msiba au kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kesho una vipindi?"

Nikamwambia ninacho kimoja asubuhi.

"Ukimaliza njoo uchukue ile kitu, ukaitafutie mteja hapo Kariakoo."

Nikanyamaza. "Ile kitu" ni moja tu. Kumbe mama alikuwa amemwambia kuhusu ada. Nilikuwa nadaiwa laki nne na themanini, mitihani imebaki wiki mbili, na mimi nilikuwa nimeapa kutomwambia mtu. Mama naye akanyoosha moja kwa moja kwa kaka yake. Nikajaribu kukataa, akanijibu kwa upole tu: "Mjomba, mimi meno ya mbele yamebaki mawili. Nitaipulizia nini?"

Usiku ule sikulala vizuri. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, wengi mnamjua, ni yule mwenye flashi imejaa miziki ambayo hakuna mtu mwingine hosteli nzima anaisikiliza. Kila usiku lazima atuwekee jazi. Nilipomwambia habari ya saksafoni akaruka kitandani kama kaambiwa boom limeingia. Akaniwekea Mmarekani mmoja mweusi, Ben Webster, akaniambia, "Msikilize huyu kwanza, halafu ndo ukauze."

Nikasikiliza. Wazee, huyo mtu kabla sauti haijatoka unasikia pumzi. Unasikia kabisa hewa ikipita kwenye bomba, fuuu, halafu ndo noti inakuja taratibu kama mtu anayefungua mlango usiku asiamshe watoto.

Jamaa akanipa na hadithi yake. Ben Webster alizaliwa mwaka 1909, akapiga na Duke Ellington huko kwao, halafu katikati ya miaka ya 1960 akahamia Ulaya. Miaka yake ya mwisho aliishi Copenhagen, Denmark. Alifariki mwaka 1973 na kaburi lake liko huko huko. Wala hakuwa peke yake. Dexter Gordon, mpuliza saksafoni mwingine mkubwa, alifika Copenhagen mwaka 1962 akaifanya makazi kwa miaka kama 14 hivi. Kulikuwa na klabu inaitwa Montmartre, Wamarekani wakipita wanapiga pale, na vijana wa Kidenmark wanapanda jukwaani nao na kurekodi nao. Mmoja wao, mpiga besi Niels-Henning Ørsted Pedersen, alianza kupiga na magwiji hao akiwa hajafika hata miaka 20.

Nikamuuliza, sasa Wadenmark na blues wapi na wapi? Blues si muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, mashamba ya pamba na yale mateso yote? Akasema ndo hapo sasa. Mgeni alikuja na muziki wake, wenyeji wakawa na masikio. Basi.

Alhamisi nikaenda. Nilipanda mwendokasi Ubungo nikashuka Gerezani, nikamkuta mjomba kakaa kwenye kigoda nje ya mlango, begi liko miguuni tayari. Hakutaka hata niingie ndani. Nadhani aliogopa tukikaa tutaongea, tukiongea atabadili mawazo. Lakini mimi ndo nikakaa.

Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote: hii saksafoni ulijifunzia wapi? Akasema jeshini, JKT, miaka ya 1970. Walihitaji vijana wa bendi, yeye alikuwa na mapafu. Akatoka huko akaingia kwenye bendi za mjini. Bendi gani, kanikataza kuandika, na jina lake pia kanikataza, anasema watu wataanza kumletea maneno. Bendi ya mwisho ilipokufa miaka ya 1990, mwenye bendi alikuwa anadaiwa mishahara ya miezi saba. Akawaambia wanamuziki kila mtu achukue chombo chake, tumalizane. Mjomba akaondoka na domo la bata. Hiyo ndiyo kiinua mgongo chake.

Hapo nikamletea ile hadithi ya Copenhagen. Akacheka, akaniambia, "Sasa hiyo si ni Dar hii hii?"

Na kweli, akanifungua macho. Sisi Wamarekani wetu walikuwa Wakongo. Waliingia hapa kwa makundi: Maquis, Makassy, Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, King Kiki. Remmy Ongala alikuja mwaka 1978 akitokea huko huko mashariki ya Kongo, akajiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, Mzee Makassy. Alipofariki Desemba 2010 alikuwa Mtanzania kuliko sisi, mpaka kituo cha daladala Sinza kinaitwa kwa jina lake. Na vijana wa hapa walikuwa wanasimama karibu na jukwaa kumwangalia Mkongo anaweka vidole wapi, kama yule kijana wa besi wa Kidenmark alivyokuwa anawaangalia Wamarekani.

"Sisi tuliwaangalia vidole, wao wakajifunza Kiswahili," akasema mjomba. "Hakuna aliyetoka bure."

Nikamuuliza na hili linalonisumbua siku zote: kwa nini bendi zetu ziliitwa jazi wakati hazikuwa zinapiga jazi? Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, Western Jazz ya Iddi Nhende na watu wa Tabora waliokuja mjini, NUTA Jazz mwaka 1964 ambayo leo ni Msondo Ngoma. Zote hizo ukisikiliza ni rumba, ni cha-cha-cha, ni mitindo ya kwetu. Mjomba akasema jazi maana yake ilikuwa muziki wa kisasa wenye vyombo vya kizungu, ukiwa na tarumbeta na domo la bata wewe ni jazi, hakuna aliyekuuliza zaidi.

Mimi nikakumbuka nilichosoma maktaba. Kuna kitabu cha mwaka 1975 cha Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha hapa Dar miaka ya 1960, kinahusu ngoma ya beni. Watu wa pwani waliiga bendi za jeshi la wakoloni, wakaunda vyama vya Marini na Arinoti, wakashindana kwa sare, vyeo na gwaride. Na Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo tarumbeta na jeshi na mitaa hii ni ndugu wa siku nyingi, na mjomba kutoka JKT kwenda kwenye dansi alikuwa anafuata njia ya babu zake bila kujua. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Ndo mnalipia ada kusoma hayo?" Nikanyamaza.

Nikachukua begi nikaenda. Kama ni mtu wa Kariakoo unajua kutembea na mzigo wa thamani mtaa wa Kongo ni sala. Nimelikumbatia begi kifuani kama mtoto mchanga, huku machinga wananivuta, mikokoteni inanipigia kelele, mmoja ananiuliza "Bro, unauza tarumbeta?", mwingine ananiita mwana kwaya. Duka la kwanza la vyombo vya muziki wakaniambia wao ni kinanda na spika tu. La pili yule kaka akafungua begi, akaitazama, akaniuliza inatumia umeme? La tatu ndo nikakutana na mzee anayejua.

Yule mzee aliigeuza taratibu, akabonyeza vifuniko kimoja kimoja. Ngozi za ndani ya vifuniko zimekauka, akasema, hewa inavuja. Viwili mjomba alikuwa amevibana na rababendi. Kijiti cha mwanzi, kile chembamba kinachobanwa mdomoni na ndicho kinachotoa sauti, kimepasuka kwenye ncha. Akaniambia kijana, hii kuirudisha iimbe inataka hela na fundi, na wapulizaji wenyewe siku hizi wako wapi? Bendi nyingi zinapiga tarumbeta kwa kinanda.

Akanipa laki mbili. Nikasema haiwezekani. Akapiga simu, akaja jamaa mmoja kavaa vizuri, anafungua baa. Akaitazama iking'aa pale juu ya meza, akasema anatoa laki tano.

Wadau, laki tano! Ada yangu laki nne na themanini. Yaani ingelipa deni na ikabaki elfu ishirini ya chipsi. Niliona kabisa Mungu ananionyesha njia. Halafu nikauliza, sijui nani alinituma, "Una mpulizaji kwenye hiyo baa?"

Akasema hapana, ni ya ukutani. Anataka kuitundika juu ya kaunta na taa za rangi.

Nikamwambia nisubiri. Nikatoka nje nikampigia mjomba. Kelele za mtaa, spika za matangazo, nikawa naziba sikio moja.

"Mjomba nimepata laki tano."

"Alhamdulillahi. Anapiga bendi gani?"

"Hapigi. Anataka kuitundika ukutani, baa."

Kimya. Nikadhani salio limeisha. Halafu nikasikia anavuta pumzi, ile ile fuuu ya Ben Webster nilikuwa nimeisikia jana usiku.

"Mjomba, wewe unasemaje?" akaniuliza.

Hapo ndo nilipokwama. Angeniambia uza, ningeuza. Angeniambia rudi, ningerudi. Lakini akaniachia mimi, na mwenye deni ni mimi, na yeye anajua. Nilisimama pale nje kama dakika tano. Nilifikiria mama. Nilifikiria sura yangu kwenye mtihani, au nisipokuwepo kwenye mtihani. Mwisho nikarudi ndani nikafunga begi, nikamwambia yule jamaa samahani kaka. Akaongeza elfu hamsini. Nikasema samahani tena. Yule mzee wa duka hakusema kitu, ila aliingia nyuma akarudi na kijiti kimoja cha mwanzi kimefungwa kwenye karatasi, akanipa. Nilipotaka kulipa akasema, "Mwambie aliyekutuma asikibane sana."

Sijui kama nilifanya sawa. Nawaambia ukweli, nimeandika hapa ili nijue nafikiri nini, na bado sijui.

Jumamosi nikarudi Gerezani na jamaa yangu wa chumba pamoja na dada mmoja wa mwaka wa pili anayepiga gitaa kwaya ya chuo. Wazo lilikuwa la jamaa. Alikuwa ametuonyesha filamu moja, ya mpiga banjo wa Marekani anaitwa Béla Fleck. Mwaka 2005 huyo Fleck alizunguka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta alikotoka banjo wake na kurekodi na wenyeji. Hapa kwetu alipiga na Anania Ngoliga, yule mwimbaji asiyeona anayepiga ilimba na zeze, na familia ya marehemu Hukwe Zawose kule Bagamoyo. Filamu ilitoka mwaka 2008, na muziki wake ukamletea Fleck tuzo za Grammy mwaka 2010. Jina la filamu ni tafsiri ya Bwagamoyo.

Tulibishana sana kuhusu filamu hiyo. Dada wa gitaa alisema jina hilo limetiwa chumvi, maana banjo asili yake ni Afrika Magharibi, kule Gambia kuna ndugu yake anaitwa akonting, na watumwa waliopita Bagamoyo wengi walipelekwa Unguja, Pemba na Uarabuni, sio Marekani. Tena wapo wanaosema waliobwaga moyo ni wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo na kupumzika. Mimi nikasema mgeni kaja, karekodi, kaondoka na Grammy, wenyeji wamebaki na nini? Jamaa akasema subiri, ukiangalia kwenye albamu jina la Ngoliga limeandikwa, na mwaka 2009 Ngoliga na John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, walizunguka Marekani kwenye majukwaa pamoja na Fleck. Sio kila mgeni ni mwizi, akasema, angalia kama ameandika jina.

Hilo la jina ndilo lililonichoma. Mjomba kapiga miaka karibu 20 na hana hata kipande kimoja cha sauti yake. Enzi hizo hapa hatukuwa na kiwanda cha santuri, waliotaka sahani walienda Nairobi. Wengi walirekodi redioni, Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima inapiga kwa pamoja, kosa la mmoja mnaanza upya. Ukitoka studio unasubiri usikie kwenye redio ya jirani. Hukupewa kanda. Mjomba anasema alijisikia mara ya mwisho akiwa kwenye kinyozi, Mtaa wa Swahili, akainuka na sabuni kidevuni.

Kwa hiyo tukaingia chumbani kwake. Tukazima feni, tukafunga dirisha, simu tukaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mjomba akaweka kile kijiti kipya, akakilowesha mdomoni muda mrefu bila kusema kitu. Jamaa akamwekea kwanza Ben Webster kwenye simu nyingine. Mjomba akasikiliza macho yamefumba, akasema, "Huyu hana haraka. Huyu naye meno yalikuwa yamepungua."

Akauliza hiyo ni nini, nikamwambia blues. Akacheka sana. Kwao bluzi ilikuwa ile saa ya disko taa zinapunguzwa, nyimbo za taratibu, kila mtu anatafuta wa kumshika kiuno. Dada wa gitaa akamwelekeza: mzunguko wa hatua 12, kodi tatu tu za msingi, unazunguka unarudi. Mjomba akamwambia, "Mwanangu, wewe zunguka, mimi nitakukuta."

Akapuliza. Ya kwanza ikalia bata kweli, tukajibana tusicheke. Ya pili hewa ikavuja. Ya tatu ikatoka. Sio kama ya Webster, wala sio ya rumba, ilikuwa nene na ina mikwaruzo. Kila akifika kwenye vile vifuniko vya rababendi sauti inapasuka kidogo, naye badala ya kukwepa akawa anapitia pale pale makusudi. Nje muuza kahawa akapita akigonga vikombe vyake, na vile vikombe vimo kwenye rekodi, vinaingia kabisa kwenye mapigo. Alipiga dakika nne na sekunde kumi na moja. Akaishiwa pumzi, akaweka domo la bata mapajani, jasho linamtoka, akasema, "Nisikie."

Tukampa simu. Akaishika kwa mikono miwili sikioni, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Halafu akasema, "Rudisha."

Tumeirudisha mara sita.

Kwenye faili nimeandika jina lake kamili, chombo, mtaa na tarehe, na jina la dada wa gitaa. Faili ni lake, nimemwekea kwenye simu yake na kwenye flashi, na ameniambia nisilisambaze mpaka afikirie. Kwa hiyo msiniombe, sitawatumia.

Mambo ya ada: nimeuza laptopu. Ndiyo, ile ile, ndo maana naandika hii kwenye kompyuta ya mtu na lazima nimalize kabla hajarudi. Imetoka kwa laki tatu na nusu, iliyobaki mama na shangazi wamechanga. Mtihani nitafanya. Mjomba nilimwambia laptopu ilikuwa imeharibika, na nyinyi mkikutana naye mwambieni hivyo hivyo.

Ila nina ombi moja. Kama kuna mtu anamjua fundi wa saksafoni hapa mjini, anayeweza kubadilisha zile ngozi za vifuniko kwa bei ya binadamu, aniambie. Mjomba hajaniambia nitafute. Ila jana kanipigia simu, saa tatu usiku, hakuna msiba wala jambo. Aliniuliza tu yule binti wa gitaa anapatikana Jumamosi.

Ngoja nikalale, kesho nina testi saa mbili asubuhi na sijasoma chochote.